Namba Iliyoshuka Ghalani Visiga

Kaka yangu Mwinyimadi hakulia. Mkewe, wifi yangu Mboni, tulimzika Visiga mwaka hamsini na nne, kwa homa ya siku mbili tu. Kaka akarudi kutoka makaburini, akanawa miguu, akakaa mkekani kama mtu anayesubiri chai. Mimi nilikereka. Nikamwambia, "Kaka, lia basi!"

Kazi yake ilikuwa kupima joto la ghala la mbata, zile nazi zilizokaushwa. Mbata zikirundikwa hazijakauka vizuri huchemka zenyewe ndani kwa ndani, mpaka ziwake. Katikati ya magunia kilifukiwa kidude kama punje ya choroko, wenyewe wakikiita themista, waya wake ukatoka nje hadi kwenye saa yenye mshale. Saa ile haikusema joto. Ilisema namba, na joto lilitafutwa kwa hesabu aliyoijua kaka peke yake.

Matanga yalimfunga nyumbani siku tatu, kwa hiyo mume wangu Kitwana akamshikia kazi. Kila siku baada ya adhuhuri alileta namba. Siku ya kwanza elfu moja mia sita. Ya pili elfu moja mia mbili. Ya tatu akaja anatabasamu: "Mia nane sitini, shemeji! Linapoa hilo, alhamdulillah." Akala wali wa matanga, akarudi ghalani kujilaza juu ya magunia, mvivu yule, kama kawaida yake.

Kaka akaniomba kijitabu chake cha logi, kile cha majedwali ya hesabu. Nikadhani akili imemruka. Akaanza kuandika mchangani kwa kidole. Mia nane sitini akatoa sitini zinazoliwa na waya wenyewe: mia nane. Akagawa kwa elfu mbili, namba ya kidude kwenye nyuzi ishirini na tano: sifuri nukta nne. Akatafuta logi yake kijitabuni, ikawa hasi, akaigawa kwa elfu tatu mia nne iliyoandikwa kwenye boksi la kidude. Akaijumlisha na moja gawa kwa mia mbili tisini na nane, yaani zile ishirini na tano kuongeza mia mbili sabini na tatu. Moja akaigawa kwa jibu hilo: mia tatu ishirini na nne. Akatoa mia mbili sabini na tatu.

"Hamsini na moja," akasema.

"Hamsini na moja nini?"

"Nyuzi. Namba ikishuka, joto limepanda. Ndivyo kilivyo kile kidude."

Haki ya Mungu, nusura nimzabe kofi! Mume wangu amelala juu ya moto, na yeye amekaa! Nikamvuta kanzu. "Inuka, kaka! Kitwana yuko juu ya magunia!"

Wazee wakaguta kwamba hitima bado haijasomwa. Kaka akainuka, pekupeku, tukakimbia.

Kitwana tulimburuta kwa miguu, jasho chapachapa, bado anasinzia. Wanaume wakatawanya magunia. Walipofikia ya chini kabisa, mbali na kidude, moshi ukafuka, mbata nyeusi tii.

"Lakini shemeji," Kitwana akasema, "namba si ilikuwa inashuka?"

Kaka alikuwa anautazama ule moshi.

"Mboni naye aliniambia anasikia baridi, kumbe joto linapanda," akasema. "Nikamfunika blanketi. Nikaongeza na kanga mbili. Kisha nikaja huku kupima mbata."

Mimi ndiye niliyelia. Yeye akainama, akabeba gunia jingine.