Walivyoinyoosha Nyumba ya Shangazi

Nyumba ya shangazi yangu haikuwa inaanguka. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo damu inanichemka nikikumbuka. Kuta zake za mianzi zilianza zimekaribiana chini zikaachana kuelekea juu, kama kikapu. Mumewe ndiye aliyezisimamisha hivyo, kwa makusudi. Mvua za Kyela hazina huruma, na ukuta wa namna hiyo mguu wake hubaki mkavu, mbali na maji yanayodondoka kutoka kwenye nyasi za paa. Alipofariki alizikwa ubavuni mwa nyumba hiyo hiyo.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, bati na saruji zinapatikana mpaka Ipinda, na wanawe wakaamua kumjengea nyumba ya matofali ya kuchoma. Ya mianzi ingebomolewa kupisha nafasi. Shangazi hakukataa. Aliniomba kitu kimoja tu, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kupiga picha za harusi na ubatizo.

“Nipigie picha, mwanangu. Nyumba na mwenye nyumba wakae pamoja.”

Nikapiga, nyumba na kaburi, na mgomba mmoja katikati yao. Nikaipeleka filamu Mbeya, kwenye studio iliyokuwa imeleta kompyuta. Siku niliyokwenda kuchukua picha, miezi kadhaa baadaye, nyumba ilikuwa imeshabomolewa na ya matofali imeshasimama.

Fundi wa kompyuta alinikabidhi picha huku anatabasamu. Kuta zilikuwa wima kama za benki. Mgomba, ambao mimi niliuacha umesimama, ulikuwa umeiinamia nyumba kama mlevi. Kaburi halikuwepo.

“Nimekunyooshea, kaka,” alisema. “Ilikuwa inafunguka kwa juu, aibu. Nimeifunga.”

“Ilijengwa hivyo.”

“Acha utani! Fundi gani anajenga ukuta wa kuangukia nje?”

“Huyo uliyemkata kwenye picha.”

Wewe unayejifunza kazi hii, ngoja nikueleze taratibu, maana chombo chenyewe hakina ubaya. Ukisimama karibu na jengo refu ukainua kamera, kuta zake huonekana kama zinasogeleana juu. Programu ya kompyuta inakuruhusu kuvuta pembe za picha mpaka kuta zisimame. Naitumia hadi leo, na wewe utaiweza, si ngumu. Ila programu haijui ukuta wenyewe umesimamaje. Inangoja wewe uiambie. Yule bwana hakuuliza mtu. Alibana picha kwa juu, kona zikabaki tupu, akakata kando zote mbili ili karatasi ijae. Kaburi lilikuwa kando.

“Nipe filamu yangu,” nilimwambia.

“Nilishatupa. Ya nini tena? Picha imo humu.”

“Basi fungua ile ya mwanzo, kabla hujaigusa.”

Akakuna kichwa. Alikuwa amehifadhi mpya juu ya ile ya zamani.

Niliipiga meza kwa kiganja mpaka wateja wakageuka. “Rudisha kuta!” Akavuta pembe, mimi nimesimama nyuma yake, macho kwenye ule mgomba. “Bado. Bado. Hapo!” Mgomba ukasimama, na kuta zikafunguka kama alivyozijenga marehemu. Lakini kando hazikurudi. Kilichokatwa kilikuwa kimekatwa. Kaburi ningeweza kulipiga picha kesho yake. Nyumba je?

“Kaka, sasa si imekuwa sawa?” aliuliza. Akaichapisha upya, nikaichukua, nikatoka bila kumuaga.

Nilimkuta shangazi kwenye baraza ya nyumba mpya, saruji bado inanuka. Aliipokea picha kwa mikono miwili. “Ndaga,” alinishukuru. “Ndaga fijo, mwanangu.” Akaweka kidole chini ya ukuta, akaupandisha nao polepole mpaka kwenye nyasi za paa, akacheka. “Ndiyo yenyewe. Tazama inavyojidai!”

Kidole kikashuka, kikapita kwenye mgomba, kikafika ukingo wa karatasi. Akaigeuza picha, akatazama nyuma yake, akaigeuza tena.

“Na mwenye nyumba mmempeleka wapi?”

Nilitamani yule fundi awe amesimama pale barazani, amjibu yeye.