Normand, Fundi wa Kufuta Watu

Hapa Sudbury, mji wetu wa migodi nchini Kanada, Normand Lachapelle alisifika kwa kufuta watu. Kamera ya ofisi yetu ya video ina macho sita yanayotazama kila upande kwa pamoja, hivyo anayeibeba hana pa kujificha. Normand aliziunganisha picha za macho yote zikawa moja, akaficha maungio, kisha akamwondoa mbebaji, buti, bega na hata kivuli. Baada ya hapo kompyuta iliachwa iipike video kutwa nzima. Ukivaa ile miwani inayoziba uso, unajikuta umesimama mahali penyewe, peke yako.

Mimi nilikuwa meza ya pili, kazi yangu sauti. Nilimwita mpiga deki, kwa jinsi alivyosafisha ardhi chini ya kamera, na jina likaenea. Alijisikia mno, na mimi watu wanaojisikia wananichosha, lakini katika kazi yake sikuona kasoro.

Basi jumba la makumbusho likataka hadithi ya mgodi wa zamani. Njia za kule chini alizijua Arvo Pelkonen, mchimbaji mstaafu, kwa hiyo kamera ikafungwa juu ya kofia yake ya chuma. Alipoturudishia kamera alikuwa na matope hadi magotini. Akakaa bila kukaribishwa, akakohoa, akaomba kahawa.

"Mpiga deki mwenyewe ndiye wewe?" akamuuliza Normand. "Tumbo langu uliache, kijana. Limenigharimu bia nyingi hili."

"Hilo ndilo litatangulia kuondoka, mzee. Nitakufuta mpaka mkeo akutafute asikuone!"

Arvo alicheka hadi kikohozi kikambana. Nami nilicheka.

Video ikatoka safi. Mikono iliyoshika ngazi haikuwepo, wala kivuli kwenye mwamba. Kikohozi nilikitoa mimi, ndivyo kazi inavyotaka. Na kwa kuwa diski zetu zimejaa siku zote, video ikishapokelewa, picha mbichi zinafutwa. Zikafutwa, na hakuna aliyezifikiria tena.

Arvo alikufa theluji ikiwa bado barabarani. Yalikuwa mapafu, kama wenzake wengi. Haukupita muda mrefu, mkewe, Huguette, akaja ofisini. Ni mwanamke mfupi, na siku hiyo alivaa koti la mumewe, linamfika chini ya magoti. Alituletea pai ya nyama, bado ya moto.

"Maisha yetu yote sijawahi kumwona kazini," alisema. "Enzi zile mwanamke hakuruhusiwa kushuka kule. Sasa nasikia mlimpiga picha hukohuko chini. Nionyesheni mume wangu, basi."

Normand akanitazama, mimi nikaitazama pai. Akamvalisha miwani.

Huguette akageuka kulia, kushoto, nyuma. Kwenye skrini tuliona anachokiona: mwamba, maji, mwanga wa taa. Akainama kutazama miguuni. Palikuwa na kokoto tupu.

"Nani kabeba kamera?"

"Yeye, mama," Normand akajibu. "Ilikuwa juu ya kofia yake."

"Kwa hiyo hapa nipo juu ya kichwa chake?"

"Ndiyo, mama."

Akanyoosha mkono taratibu, chini kidogo ya kidevu chake, akaanza kupapasa hewa. Alipapasa mahali pa kofia, akashuka mahali pa shavu, kisha bega. Roho iliniuma, nikatamani kutoka nje. Normand alimuuliza kama apumzike kidogo. Aliendelea kutafuta mpaka video ikaisha na skrini ikawa nyeusi.

"Na zile za mwanzo, kabla hamjazisafisha?"

"Hazipo, mama. Tulizifuta."

Akavua miwani, akaiweka mezani kwa uangalifu, kama chombo cha kuazima.

"Siku ile alirudi nyumbani anacheka," alisema. "Akaniambia kuna kijana kaapa kumfuta mpaka nimtafute nisimwone. Tulicheka sana, chakula kikapoa."

Akafunga vifungo vya koti hadi shingoni.

"Kazi yako unaijua, kijana," akamwambia Normand, akatoka.