Pasi Ndefu

Yared anasoma chuo kikuu Dar es Salaam. Jumapili baba yake Kasian, mkulima wa Vidunda, alimpigia simu.

"Hela ya kula inatosha, mwanangu?"

"Napiga pasi ndefu tu, baba," Yared alijibu akicheka.

Kasian akafurahi kwamba mtoto anacheza mpira. Akauza mikungu mitatu ya ndizi, akashuka Mikumi, akanunua viatu vya mpira na kuvituma kwa basi. Pale stendi akamsimulia Happyness, binti wa jirani aliyemaliza chuo mwaka jana.

"Mzee, hiyo si mpira," Happyness alisema taratibu. "Ni kunywa chai asubuhi, halafu kukaa hivyo hivyo mpaka usiku."

Kasian akageukia barabarani. Basi lilikuwa limeshaondoka.