Buti Alizonivalia Baba

Siku ya kwanza kambini tuliamriwa tuvue buti, tuzipange mbele yetu, zikaguliwe.

Buti yangu ya kushoto ilikuwa na damu ndani. Doa kubwa, limekauka kwenye soli, pale kisigino kinapokaa.

Na miguu yangu ilikuwa mizima. Haina hata mchubuko.

"Kuruta, umeumia?"

"Hapana, afande."

"Sasa hii damu ya nani?"

Nikasema sijui.

Nilikuwa najua. Mwaka huu unatimia wa nne, na sijawahi kumwambia mtu.

Nilikuwa nimeomba kuingia jeshini mara mbili nikakosa. Mara ya tatu jina likatoka. Nikapewa karatasi ya vitu vya kwenda navyo: ndoo, blanketi, sanduku lenye kufuli, soksi nyeusi, buti nyeusi.

Mbele ya neno buti mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu: *zisiwe mpya mguuni.*

Na chini kabisa: *atakayechelewa kuripoti, nafasi yake atapewa mwingine.*

Nilibakiwa na siku kumi na mbili. Asubuhi nakimbia, jioni napiga pushapu uani, mama ananihesabia huku anapiga pasi. Akinichoka anaruka kutoka kumi na tano hadi ishirini, tunacheka.

Tatizo lilikuwa buti. Nilizivaa nusu saa tu zikanitafuna visigino.

Baba alikuwa fundi viatu. Akazipindapinda, akazinusa.

"Ngozi hii bado ina kiburi," akasema. Mguu wetu ulikuwa wa namba ileile, mimi na yeye. "Niachie. Wewe kimbia, mimi nitakuvalia."

Nikafurahi kweli. Baba alikuwa na sukari mwaka wa sita, nyayo zimejaa ganzi. Akikanyaga msumari kazini haambiwi na mguu, anaambiwa na watu. Hilo nilikuwa nalijua, ila siku ile halikunijia kichwani.

Fundi saa aliyechangia naye kibanda alipomwona na buti akaanza.

"Mzee, jeshi limeishiwa vijana?"

"Vijana wapo. Wanatafuta jenerali."

"Watakupa bunduki au mkongojo?"

"Vyote viwili. Kimoja niegemee, kingine nikutishie wewe."

Kila jioni baba aliingia nyumbani nazo, anapiga saluti mlangoni. Mama alikuwa anacheka mpaka anakaa chini.

Siku ya tisa niliona anauburuta mguu wa kushoto. Kidogo tu. Nikajifanya sijaona.

Jioni ile, chini kabisa ya beseni la nguo chafu, nikakuta soksi yake. Kisigino kimeganda damu, kigumu kama gamba. Na ilikuwa na harufu.

Nilisimama nayo mkononi.

Nitaandika nilichowaza vilevile kilivyokuwa. Mama akiiona, kesho ni hospitali. Hospitali watamlaza. Mimi ndiye mtoto pekee, kwa hiyo nitabaki. Na zimebaki siku tatu.

Nikaifua.

Maji matatu, sabuni, vidole vikaniuma. Nikaianika nyuma ya mashuka.

Siku ya kuondoka, baba alinikabidhi buti zinang'aa. Yeye alivaa kandambili, kisigino kimefungwa kitambaa.

"Msumari tu," akasema kabla hatujauliza.

"Leo uende ukatazamwe," mama akamwambia.

"Kesho. Kuruta wangu aondoke kwanza. Haya, zijaribu."

Nikazijaribu. Zilikuwa laini kama nilizaliwa nazo.

Wiki ya saba niliitwa ofisini. Hospitali walimkata baba mguu, lakini sumu ilikuwa imeshapanda. Nikapewa siku nne za kwenda kuzika.

Msibani kila mtu alinishika bega. Usijilaumu, hukujua. Fundi saa alilia waziwazi: "Mimi nilikaa naye kutwa nzima na sikujua, sembuse wewe, mwanangu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Watu wakaniona mtoto mwenye subira.

Siku ya kurudi kambini, mama akanisindikiza hadi mlangoni.

"Baba yako aliniachia ujumbe wako, nikausahau. Alisema nikuambie asante kwa kumfulia soksi."

Nikashika kitasa cha mlango.

"Alisema aliificha aje aifue mwenyewe, akaikuta kambani imeshafuliwa. Nikamuuliza, soksi gani? Akacheka tu. Wewe unaijua?"

Viatu vya baba vya kazini bado vilikuwa pale mlangoni, vimepangwa.

"Hapana, mama," nikasema. "Siijui."

Akanitazama, akanifunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi, nikaondoka.

Buti zile ninazo mpaka leo. Soli ya ndani sijaibadilisha.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu wako anachechemea, muulize leo. Muulize hata kama jibu lake litakukosesha safari. Mimi safari niliipata.