Nta Niliyojaza Kwenye Soketi

Mtaa mzima wa Kanyenye wananijua, na sioni haya kujisifu. Shule niliishia la nne. Umeme wa magari nilijifunza kwa kupigwa shoti, na leo wenye vyeti huniletea magari yaliyowashinda. Lakini haya ninayoandika si ya sifa. Ni ya siku ambayo nusura nimuue mke wangu kwa ujanja wangu mwenyewe.

Mteja mmoja wa Urambo alitaka nimtolee bampa la plastiki kwenye gari lake, nimwekee la chuma nene, la kuhimili visiki na ng'ombe wa barabarani. Bampa jipya halikuwa na nafasi ya zile taa ndogo za chini, kwa hiyo soketi zake zikabaki zinaning'inia bila kazi mbele ya rejeta, ile inayopoza maji ya injini. Fundi wa ovyo huziacha hivyo hivyo. Maji yanaingia, pini zinaota kutu ya kijani, siku moja shoti inaunguza fyuzi na mwenye gari anabaki gizani katikati ya pori. Wengine hukata waya kabisa, na huo mimi nauita uchawi, maana kesho mwenye gari anaweza kuzitaka taa zake.

Wenzangu huzipaka soketi grisi na kuziziba kwa mpira wa tyubu na tepu. Mimi nikabuni yangu. Nilinunua nta kwa wauza asali, ile ya njano ambayo haijachujwa vizuri, nikaiyeyusha kwenye kopo, nikajaza kila soketi mpaka mdomoni. Kisha nikazificha ndani ya uwazi wa bampa, ambalo pembeni lilikuwa na tundu la kuingiza ngumi. Maji yatapita wapi? Niliwaambia vijana wa gereji, "Hii hamtaikuta chuoni."

Jumamosi asubuhi nikalipeleka gari mwenyewe, mke wangu akapanda ili akamsalimie dada yake. Sasa, mke wangu na nyuki. Miaka ya nyuma aliumwa na mmoja tu, shingoni. Uso ulivimba, koo likaziba, tukamfikisha hospitali hasemi. Daktari alituambia akiumwa tena huenda tusiwahi.

Tulipoingia porini bampa likaanza kulia. Nikaegesha kando, nikazima gari, ufunguo nikautia mfukoni, nikalala chini kukaza bolti. Joto lilikuwa kali na vioo vyote vinne vilikuwa chini. Mke wangu alikuwa ndani anatafuna karanga.

Nikasikia mvumo. Nilidhani ni lori linakuja kwa mbali. Mvumo ukazidi, lori halikutokea. Nilipochungulia niliona boneti inaanza kuwa nyeusi, na weusi wenyewe unatembea.

Harufu ya nta iliyopata joto la rejeta ilinijaa puani, na hapo ndipo nikamkumbuka baba yangu. Alikuwa mrina asali. Kila akitundika mzinga mpya aliupaka nta kwanza, ili kundi linalohama lisikie harufu na kuingia. Kopo la nta nililishika mimi. Nilikuwa nimetengeneza mzinga, nikampakia mke wangu humo.

"Mama watoto," nikasema nikiwa bado chini ya gari. "Usitikisike. Usipunge mkono."

"Nimewaona." Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. "Wamejaa kioo cha mbele. Nishuke?"

"Usishuke. Wako hewani pande zote."

"Basi njoo ufunge hivi vioo."

Vioo ni vya umeme, na ufunguo ninao mimi. Na mke wangu hakuwahi kuwasha gari maishani mwake, kwa sababu miaka yote nilikuwa nikisema gari la kazi haliguswi swichi na mtu isipokuwa mimi. Nilitambaa chini ya gari mpaka nyuma, nikainuka polepole kama mzee. Nyuki walitembea mikononi mwangu. Mmoja akanichoma sikioni. Sikumpiga, maana nyuki akipondwa harufu yake huwaita wenzake. Nikapitisha ufunguo dirisha la nyuma, mke wangu akaupokea, akajivuta hadi kiti cha dereva.

"Chomeka. Zungusha taratibu. Utasikia tik mara mbili, halafu uache. Ukipitiliza injini itawaka, na mtetemo ule utawachafua."

"Nikipitiliza?"

"Usipitilize."

Akazungusha. "Tik," akasema mwenyewe, kama anayehesabu. Kisha, "Tik." Taa za dashibodi zikawaka. Nikamwonyesha kwa kidole swichi za mlangoni, akazibonyeza, vioo vikapanda, kimoja kimoja, na mimi nikaanza kupumua.

Ndipo nikaona wawili wamebaki ndani naye.

Akajifunika kanga kichwa mpaka miguu, akatulia. Nyuki mmoja alitua begani, juu ya kanga, akatembea kuelekea shingoni. Niliona kila hatua yake kupitia kioo. Sikuwa na la kufanya. Mimi ninayejua gari lolote kuanzia taa mpaka taa nilisimama pale kama mti. Mwisho akaruka, akaenda kugongagonga kioo cha mbele penye mwanga, na mwenziwe akamfuata.

Mwanamume mmoja mwenye baiskeli na ndoo za asali akasimama mbali. "Fundi, huo mzinga wa chuma unauzaje?"

Nikamweleza ni nani aliye ndani, na kwamba nyuki mmoja anatosha kumuua. Utani ukamtoka usoni. Akatazama kundi lilivyokuwa likimiminika kwenye tundu la bampa.

"Umepaka nta humo?"

"Nimepaka."

"Basi umewaita mwenyewe, kaka. Wiki hii makundi yanahama. Ngoja waingie wote, ndipo ashukie mlango wa nyuma. Asikimbie."

Tulingoja. Kwangu ilikuwa siku nzima. Hewa ilipotulia, mke wangu alishuka amejifunika, akatembea na yule bwana mpaka mbali, kisha akakaa mchangani. Nikamfuata.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua tangu utotoni. Nilisahau."

"Hukusahau. Ulikuwa unajisifu."

Yule bwana alimpeleka mke wangu kijijini kwake kwa baiskeli, akarudi na bomba la kufukizia moshi na mzinga wa kweli, akawahamisha nyuki jua linapoanza kushuka. Nikakwangua nta yote. Soketi nikazipaka grisi, nikazivisha kofia za mpira wa tyubu, nikazizungushia tepu, nikazifunga midomo ikitazama chini, mbali na rejeta. Ndivyo wenzangu wanavyofanya siku zote.

Lakini kazi haikuishia hapo, kwa sababu nta ile nilikuwa nimeshaijaza kwenye magari mengine matatu. Nikatoa simu. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja aliyekuwa njiani kwenda Kaliua na wajukuu. Alipokea kwa furaha, akaanza kunisifu kwa kazi nzuri.

"Shikamoo, mzee," nikamkatiza. "Kwanza pandisha vioo. Nitakueleza."