Mjane wa Disemba

Chumba cha Mejumaa kilikuwa kimepakwa rangi mara saba katika miaka saba, na mara zote saba kilipakwa na watu wasiojua kupaka rangi. Mwaka wa kwanza kilikuwa cheupe. Wa pili, kijani. Mwaka wa tatu walikuja wanafunzi wa bara na buluu iliyobaki kwenye kazi nyingine, ikawaishia katikati ya ukuta, na Mejumaa akakaa mwaka mzima kama mtu aliyesimama baharini maji yakiwa kiunoni.

Chumba chenyewe kiko Kibokoni, chini kabisa ya nyumba ya ghorofa, nyuma ya ngazi, mahali palipokuwa pakiwekwa magunia enzi za wakwe zake. Nyumba iliachiwa ndugu wawili, mumewe Mejumaa na mdogo wake Abdulbasit. Mumewe alipofariki, siku ya tatu, watu hawajamaliza kuondoka matangani, Abdulbasit alimjia na karatasi na kidau cha wino.

"Ni mambo ya msiba, shemeji. Tia kidole hapa."

Mejumaa hakuingia darasani hata siku moja. Kwao Kaloleni ndugu zake wa kiume walipokwenda shule, yeye alikwenda na mbuzi. Alitia kidole. Alipotoka eda ndipo alipoambiwa kuwa ameiacha haki yake na ya binti yake Sidi, na kwamba watakaa chini kwa hisani. Hisani ni neno tamu sana kinywani mwa mwenye nyumba.

Disemba iliyofuata akaja Caroline. Huyu aliongoza kikundi kinachowatafutia vijana na familia nzima kazi za kujitolea wakati wa likizo. Watu wa bara hushuka pwani kwa Krismasi, wakaogelea mpaka ngozi zikawabanduka, kisha wakatamani siku moja ya kutenda wema ili watoto wao wajifunze. Caroline huwapangia. Alikuwa na tangazo lenye picha, na Sidi alimsomea mamake.

"Kusafisha ufuo. Kufunga vifurushi vya chakula. Kuwasomea hadithi watoto wagonjwa. Kupaka rangi nyumba ya mjane." Sidi aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Hiyo ya nne ni sisi, mama."

"Wametuandika majina?"

"Hapana. Wameandika 'mjane na binti yake'."

Ni Abdulbasit aliyewaandikisha kwa Caroline. Ukuta wake ulipakwa bure, sifa akapata yeye, na vifurushi vya unga na mafuta vilipanda juu kwanza, vikashuka vimepungua. Watu walisema ana moyo, anamtunza mke wa nduguye.

Na jambo ambalo wageni hao hawakuliuliza ni hili: mbona chumba kimoja kinahitaji rangi kila mwaka? Jibu lilikuwa darini. Bomba la msala wa Abdulbasit, choo na bafu lake, lilikuwa limepasuka juu ya kitanda cha Mejumaa. Akioga mtu juu, chini kunadondoka. Ikifika Machi rangi imefura kama maandazi, ikifika Juni iko sakafuni. Kuliziba bomba kulitaka fundi na kuvunja vigae vya Abdulbasit, na hiyo si kazi ya kuwafurahisha watoto. Brashi huwafurahisha. Basi wakaendelea na brashi.

Mwaka huu wa nane lilitokea jambo. Sidi, aliyekuwa akiuza viungo Marikiti, alipata mchumba. Kijana aliitwa Tsofa, fundi wa majokofu, Mdigo wa Likoni, mwenye sauti ya chini na kucha safi. Watu wake walituma habari kwamba watakuja kuposa Jumamosi, asubuhi. Mejumaa alikaa kitandani akashika magoti yake. Kwa miaka yote hiyo alikuwa hajiombei yeye chochote. Alimwombea Sidi atoke katika kile chumba, basi.

Jioni ile ile Abdulbasit akashuka kumwambia kuwa wageni wa Caroline wanakuja Jumamosi, asubuhi.

"Shemeji, waambie waje Jumapili," Mejumaa akasema. "Wakwe hawawezi kunikuta nimekalishwa nje kama kuku mgonjwa, watoto wa watu wakinipigia picha."

"Basi limeshakodiwa. Watu wanatoka Nairobi."

"Na wakwe wanatoka Likoni."

"Wakwe nitawapokea mimi juu. Wewe utakaa na wageni wako chini."

"Wageni wangu?"

Abdulbasit alitabasamu. Alikuwa na tabasamu la mtu anayefunga duka mteja angali mlangoni. "Walii wa Sidi ni nani, Mejumaa?"

Babake Sidi amekufa, babu amekufa, kaka hana. Walii ni ami yake. Bila Abdulbasit kumwoza, hakuna ndoa, na wote wawili walilijua hilo.

"Ukinitia aibu mbele ya watu wa Caroline, posa nitairudisha. Na ukipanda juu kuanza hadithi zako za karatasi mbele ya wakwe, nitairudisha vilevile. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Na usimtie maneno mtoto."

Jumamosi, Sidi aliitwa juu mapema na mke wa Abdulbasit, akafungiwa chumba cha ndani kama wafungiwavyo wanaoposwa. Mejumaa alivaa gauni lake jema, kisha akalivua, akavaa kuukuu, kwa sababu Caroline alikuwa amemwambia mwaka jana kwamba gauni jema halionekani vizuri kwenye picha.

Basi la watu wa kujitolea lilisimama barabarani nao wakaja kwa miguu, wakaingilia mlango wa kichochoroni, fulana za manjano, watoto wakipiga kelele kuliko kunguru. Kulikuwa na bwana mmoja mnene aitwaye Oloo, na mkewe Everlyne, na wasichana wao watatu. Rangi ya mwaka huu ilikuwa ya waridi.

"Karibuni nyumbani kwa Mama Sidi!" Caroline akatangaza. "Ni mjane, anaishi hapa na binti yake wa pekee. Leo tutampa Krismasi yenye furaha."

"Mama ni Mwislamu," Everlyne akanong'ona.

"Likizo yenye furaha," Caroline akasahihisha.

Wakamkalisha kwenye kiti mlangoni na brashi mkononi. Ndani wasichana wa Oloo walijipaka wao kwanza, kisha kitanda, kisha ukuta. Mejumaa hakuwasikia. Masikio yake yalikuwa kwenye ngazi. Alisikia mlango wa mbele ukifunguliwa, salamu ndefu za watu wa Likoni, viatu vikivuliwa, na sauti ya mwanamke mtu mzima ikiuliza, "Na mama mwenye mtoto yu wapi?"

"Ah, dada, tumepata msiba," sauti ya Abdulbasit ikajibu. "Ameondoka alfajiri kwenda Kaloleni. Lakini walii nipo, hakuna kilichoharibika."

Mejumaa alikuwa hatua kumi kutoka pale. Angeita tu. Aliuma ulimi, akaitazama brashi, na mtoto mmoja akamwambia, "Cheka, Mama."

Akacheka.

Saa sita ilipokaribia, wanaume wa juu wakaamka kutawadha wapate kuwahi adhuhuri msikitini. Walikuwa watano. Mmoja baada ya mwingine waliingia msalani, na kila mmoja alitawadha kwa utulivu wa mtu aliyekuja kuposa na anayetaka aonekane mcha Mungu. Chini, maji yakaanza. Yalitiririka juu ya rangi mbichi, yakachora mistari, yakaimwaga waridi kitandani na kwenye kichwa cha binti mdogo wa Oloo.

"Baba! Ukuta unalia!"

Bwana Oloo akaingia, akaangalia dari, na uso wake ukabadilika. Mpaka hapo alikuwa mgeni. Sasa alikuwa mtu kazini.

"Hii si mvua. Hili ni bomba, limepasuka," akasema. "Mimi nimefanya kazi ya mabomba miaka ishirini. Mama, hii imevuja tangu lini?"

Mejumaa alifungua kinywa. Caroline akawahi. "Bwana Oloo, tusiingilie mambo ya nyumba ya watu. Turudie tu hapo kwa brashi."

"Nirudie nini? Hapa tunapaka rangi maji!" Akaielekea ngazi. "Nitawaambia wafunge mfereji wa maji."

"Baba, usipande!" Mejumaa akaruka kutoka kitini. "Nakuomba, kuna wageni. Usipande!"

"Sikai sana, Mama. Neno moja tu."

Alimkimbilia, brashi ingali mkononi. Lakini yule bwana, pamoja na unene wake, alipanda ngazi mbili mbili, na alipofika juu Mejumaa alikuwa bado nyuma yake hatua tatu, mkono umenyooshwa kumshika fulana. Akakwama pale, nyuma ya pazia, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Akamsikia.

"Hodi hapa. Samahani sana, wazee. Fungeni huo mfereji. Maji yenu yote yanamwagikia mjane hapo chini, mpaka kitandani."

Sauti ya mzee ikauliza: "Mjane gani, mwanangu?"

"Mama Sidi, nani mwingine?"

"Mama Sidi yuko Kaloleni msibani," yule mwanamke akasema, pole pole.

"Kaloleni?" Oloo akageuka. "Si huyu hapa nyuma yangu na brashi?"

Pazia likavutwa. Aliyelivuta alikuwa Bi Nimwaka, shangazi yake Tsofa aliyemlea, mwanamke mpana mwenye buibui la mtindo wa zamani. Alimtazama Mejumaa kuanzia miguu mitupu mpaka paji la uso lililopakwa waridi. Mejumaa alitamani sakafu ifunguke. Kazi ya miaka minane, akawaza, imeharibiwa na mtu mwema.

"Wewe ndiye mkwe wangu?"

"Ndimi."

Bi Nimwaka akamgeukia Abdulbasit. "Kumbe siku hizi Kaloleni iko chini ya ngazi zako, bwana. Umetupunguzia safari kweli. Na msiba ni wa nani? Wa huo ukuta?"

Wanaume wengine walitazama mikeka. Abdulbasit alikuwa amesimama, amegeuka rangi. "Mambo haya ni ya ndani. Na kwa kuwa yamefika hapa, posa hii mimi—"

"Subiri." Yule mzee wa Likoni alikuwa angali anadondokwa maji ya udhu kwenye viwiko. Hakupandisha sauti. "Wewe ni walii, hatukupingi. Lakini walii akimkatalia kijana mwenye dini na kazi, bila sababu, kadhi huwasikiliza watu, nasi tutakwenda. Atauliza sababu. Utamwambia nini? Kwamba bomba lako limevuja?"

Mlangoni watu wa fulana za manjano walikuwa wamekwisha kupanda ngazi, wamejazana, simu mikononi. Abdulbasit aliziona zile simu. Maisha yake yote alikuwa anapenda kupigwa picha.

"Nimekubali," akasema.

"Mama naye aseme," Bi Nimwaka akadai.

Mejumaa alitaka kusema maneno mengi, ya karatasi, ya wino, ya magunia. Yalimjaa mpaka kooni. Lakini ndoa haijafungwa, na mtu aliyesema nimekubali leo anaweza kugeuka kesho. "Nimekubali," akasema naye, na kile kingine chote akakimeza.

Bi Nimwaka akapiga kigelegele. Kutoka chumba cha ndani kikajibiwa, na watu wa Caroline, wasiojua ni cha nini, wakapiga makofi na kupeana mikono kwa kazi nzuri waliyoifanya. Nikaha, ndoa yenyewe, ikawekwa kabla ya Ramadhani.

Wakwe walipokuwa wanaondoka, Bi Nimwaka alimshika mkono pembeni. "Nyumba yetu ina vyumba. Sidi akija, njoo nawe."

"Asante, dada. Lakini mama kumfuata binti kwa wakwe? Watu watasema nimeoza na kujioza."

Bi Nimwaka alijua ni kweli, na hakuwa mtu wa kudanganya.

Bwana Oloo alijitolea kurudi kesho yake na spana. Abdulbasit alimwambia hakuna mtu atakayevunja vigae vyake. Kisha, wageni walipopungua, alishuka akasimama mlangoni kwa Mejumaa, hakuingia.

"Umefurahi?"

"Binti yangu ameposwa, shemeji. Nimefurahi."

"Ataondoka. Wewe je? Kwenu wamegawana mashamba, hukuachiwa hata shina. Utabaki hapa, tena utabaki kwa adabu." Akapanda zake.

Sidi aliposhuka alikuwa amelia na kucheka mpaka wanja umemwagika. "Mama, siendi bila wewe. Nitamwambia Tsofa tupange chumba Ganjoni, sote watatu."

"Utakwenda."

"Mama!"

"Nimekaa kwenye kiti kile miaka minane ili uende. Utakwenda, na hutageuka nyuma."

Caroline ndiye aliyebaki mwisho, anakusanya brashi. Aliomba picha ya mama na binti kwa ajili ya mwakani, kisha akakumbuka. "Lo, mwakani Sidi hatakuwepo." Akafikiri, kalamu mdomoni. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomwudhi Mejumaa zaidi. "Si kitu. Tutaandika 'mjane anayeishi peke yake'. Kwa kweli itawagusa watu zaidi."

"Na leo andika kwamba binti huyu ameposwa," Mejumaa akasema.

"Hilo haliingii kwenye tangazo, Mama Sidi."

Mejumaa aliwasindikiza mpaka mlango wa kichochoroni, akaufunga. Chumbani alivuta sanduku kutoka uvunguni, akaanza kukunja nguo za Sidi moja moja, ingawa miezi ilikuwa imebaki, na Sidi alipomwambia aache, bado mapema, akachukua nguo nyingine. Aliendelea kukunja.