Nilichagua filter vibaya, ndugu yangu akamkosa Mama

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi niko Kibomet, Kitale. Haya yamenipata mimi mwenyewe na sitaongeza chumvi, maana hata bila chumvi bado yananikaa kooni.

Nyumbani tulikuwa watatu: Mama, mimi na ndugu yangu mdogo, Wekesa. Halafu Wekesa akaacha chuo, akakosana na Mama, akaondoka na kubadilisha namba.

Miaka mitatu hatukusikia sauti yake.

Tulikuwa na fununu moja tu. Jamaa wa Saboti alikutana naye mahali, akaambiwa ati anafanya kazi kwa kampuni iko Bungoma, inapeleka kahawa ng'ambo. Jina la kampuni huyo jamaa hakushika.

Mwaka huu Mama akaugua, akashindwa kutoka kitandani. Kila asubuhi ananiuliza kama nimempata Wekesa.

Mimi ni fundi wa nguo, mambo ya internet najua kidogo. Mteja wangu mmoja ndiye alinionyesha website yenye orodha ya makampuni.

Ukisearch kahawa hivi hivi tu, unaletewa makampuni mpaka unachoka, mengi ya Nairobi. Lakini pembeni kuna filter, yaani vitu vya kutick ili kupunguza orodha. Kwa mahali, nikachagua Bungoma. Kwa soko, kuna kaunti, nchi nzima, na kimataifa. Nikatick kimataifa.

Orodha ikabaki fupi, yote inaonekana kwa simu bila kuscroll. Nikafurahi bana. Nikawapigia wote.

Hakuna aliyemjua.

Nikarudi kwa Mama nikamwambia, "Bungoma hayuko." Aligeukia tu ukuta.

(Wale mnajua hizi vitu mshaona kosa langu. Mimi sikuliona.)

Wiki mbili baadaye Mama akafariki. Tukamzika bila Wekesa.

Watu wa matanga wakaondoka, na hapo ndipo nilijua nyumba inaweza kuwa kubwa. Nikaanza kushona mlango ukiwa wazi hata kukiwa na baridi, ndio nisikie watu wakipita.

Siku moja, bila matumaini yoyote, nikafungua tena ile website. Chini ya pale pa kuchagua mahali kulikuwa na maandishi madogo. Neno "makao makuu" lilikuwa limejitick lenyewe.

Kumbe nilikuwa natafuta kampuni zenye head office Bungoma peke yake. Nikaongeza "matawi".

Ikatokea moja mpya. Head office Mombasa, ghala Bungoma.

Nikapiga. Mwanamke wa ofisini akaniambia Wekesa yuko, ni wa kupanga magunia. Nilikata simu kabla sijamshukuru.

Kesho yake asubuhi nikaenda. Askari wa geti akanisikiliza, akasema, "Ngoja hapo kwa kivuli, dada," akaingia kumwita.

Wekesa akatoka amejaa vumbi la kahawa, amekonda, ana ndevu. Akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu, kama anayetarajia mtu mwingine.

"Nafula," akasema. "Mama ndiye amekutuma?"

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Yaliyotoka ni mengine.

"Alinituma, Wekesa. Mimi ndiye nimechelewa."

Akaelewa. Akakaa chini pale pale getini na mikono kichwani.

Nikamweleza kila kitu, hata hiyo ya filter. Sikumficha. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lilinimaliza. Alisema tu kwamba alikuwa akingoja apate ujasiri wa kuja kuomba msamaha.

Jumamosi alikuja. Akakaa kaburini mchana mzima, akalala nyumbani, akarudi kazini Bungoma. Sasa hunipigia Jumapili. Mara nyingi hatuna la kusema, lakini hatukati haraka.

Nilichojifunza: ukitafuta kampuni kwa mahali, angalia kwanza filter inamaanisha makao makuu au hata matawi. Kampuni zinazouza nje mara nyingi zina ofisi kubwa mbali na pale alipo mtu unayemtafuta. Na usimwambie mgonjwa kwamba mtu hayuko, kama ni wewe tu hujamwona.

Kama kuna mtu humu aliwahi kupata ndugu yake akiwa amechelewa, aniambie mlianzaje kuongea tena. Andikeni tu, hata kama ni ya kunilaumu. Nitasoma zote, jioni huwa niko peke yangu.